Bega Lisilouma

Jumatatu, 3 Machi
Balaa! Bega la kulia limekwama. Nilikuwa nawaonyesha waimbaji noti ya mwisho, mkono ukapanda, ukagoma kushuka. Wakadhani ni sehemu ya wimbo, wakaivuta noti hadi besi mmoja akapaliwa. Sasa umeshuka, haupandi tena. Na mashindano ya kwaya za idara ni Jumamosi! Miaka sita naiongoza kwaya hii, mwaka huu ushindi naunusa kabisa. Mkurugenzi kasema bila kadi ya kuonyesha nimetibiwa sipandi jukwaani, ataongoza Mhasibu wetu, anayeimba besi. Mhasibu! Akaniambia pole sana kaka, huku uso unamng'aa.

Jumanne, 4 Machi
Dada yangu kanishauri niende kwa mtaalamu wa viungo. Kuna sindano kavu, eti: nyembamba, haina dawa, inachomwa kwenye fundo la msuli, msuli unashtuka, kisha unalegea. Yeye ilimponya kiuno. Nikauliza inachomwa wapi hasa. Palepale panapouma, kasema. Palepale! Ukatili gani huu? Chai ilinishinda.

Kisha, nikihangaika na kamba za viatu kwa mkono mmoja, wazo likanijia. Mabega ninayo mawili! La kushoto ni zima kabisa. Pazima pataumaje? Nitamwonyesha hilo. Kadi napata, maumivu sipati. Nimejipigia makofi pajani.

Jumatano, 5 Machi
Kadi ninayo! Mtaalamu ni mama mpole mwenye vidole vya chuma. Kalibonyeza la kushoto kote, akasema haoni fundo. Nikasema lipo, limejificha. Akabonyeza la kulia, alinganishe. Mama yangu wee! Nilitoa sauti ambayo soprano wangu hawajawahi kuifikia. Akauliza kama ni hapo. Nikasema hapana, mimi mwalimu wa kwaya, napasha sauti. Akanitazama weee. Nikaapa ni la kushoto, akachoma. Kama siafu tu! Nikaomba mbili zaidi, nionekane shujaa. Kaniambia litauma siku moja mbili, nisilichoshe. Litaumaje nalo ni zima? Nimerudi ofisini nikasukuma makabati mawili kwa mkono huohuo, Mhasibu aone.

Alhamisi, 6 Machi
La kushoto nalo limekufa! Mke wangu kanifunga vifungo vya shati, kanilisha mkate, kacheka mpaka akakaa chini. Na kuna baya zaidi. Mhasibu kaingia ofisini anageuza shingo huku na huku kama feni. Kumbe shingo ilimsumbua miezi, na dada yangu, damu yangu mwenyewe, kampeleka jana kwa mtaalamu yuleyule. Kaonyesha panapouma. Palepale! Amebahatisha tu.

Jumamosi, 8 Machi
Nilipanda jukwaani na kadi yangu. Mikono inaning'inia, haisogei. Nikaongoza kwa nyusi. Unyusi wa kulia kwa soprano, wa kushoto kwa besi. Wengine hawakujua watazame wapi. Ubeti wa kwanza ulikwenda vizuri ajabu! Wa pili nikapiga chafya. Kwaya nzima ikanyamaza, ukumbi ukaangua kicheko. Mhasibu akatoka mstarini, akainua mikono yote miwili juu, laini kabisa, na wimbo ukafufuka.

Tumeshinda. Nafasi ya kwanza! Wamembeba Mhasibu juu juu, na Mkurugenzi kamkabidhi kwaya palepale mbele ya watu. Kwaya yangu. Nimelia, na machozi sikuweza kuyafuta, mke wangu ndiye aliyenifuta.

Jumatatu, 10 Machi
Nimetafakari, kosa nimeliona. Sindano tatu zilikuwa nyingi! Ningeishia moja, leo kwaya ingekuwa mikononi mwangu. Dada yangu kasema nirudi kwa mtaalamu nikaseme ukweli. Nimemwambia ahsante, mtu mzima hujifunza mwenyewe.

Nimechangamka kweli leo, ila tangu asubuhi gego la kushoto linanivuta mpaka sikioni. Kesho saa tatu naenda kwa daktari wa meno. Nasikia yule hana mchezo, anang'oa. Lakini mimi si mtoto. Nitamwonyesha la kulia.