Kiti cha Dada Mkubwa

Jumatatu, 3 Machi
Kifundo cha mkono wa kulia kinawaka moto. Mkuu wa ofisi yetu ya tafsiri amegawa kitabu cha ufugaji nyuki: nusu yangu, nusu ya Dada Mkubwa. Mwisho Ijumaa. Atakayechelewa hapewi kingine.

Dada Mkubwa si dada yangu. Tunamwita hivyo kwa kuwa alitutangulia sote hapa. Leo nimemtazama akichapa. Ajabu! Mikono inaelea juu ya kibodi kama ya mtu anayepima joto la maji ya kumwogesha mtoto. Kurasa zinateremka tu. Mimi ukurasa wa pili tayari nasaga meno.

Nimegundua siri yake. Kiti. Kina magurudumu.

Jumanne, 4 Machi
Nimewahi kazini, nimebadilisha viti. Raha! Ila nimegusa kitu chini yake, kikashuka, nikazama mpaka meza ikanifika kifuani. Kuifikia laptopu ilibidi niinue mabega na kukunja vifundo, kama paka anayechungulia dirishani. Kabla ya chai vidole vimeingia ganzi. Jinsi ya kukipandisha kiti sijui, na kuuliza ni kujichongea.

Dada Mkubwa kaja, kakitazama kiti changu kibovu nilichomwachia, kakaa. Kaweka boksi chini ya miguu, kapandisha laptopu yake juu ya kamusi mbili, kachomeka kibodi ya pembeni, kaendelea kuelea.

Si kiti, basi. Ni kamusi.

Jumatano, 5 Machi
Kazi nimeifanyia nyumbani. Laptopu juu ya kamusi tatu, nimemzidi moja. Kibodi ya pembeni sina, kwa hiyo nimechapa hukohuko juu, mikono hewani kama mwizi aliyekamatwa. Mke wangu kapita, kasema nimepandisha kioo cha laptopu na mikono nikaipandisha nacho. Mkono unyooke, kasema, toka kiwiko hadi vidole. Nikamwomba mambo ya ofisi aniachie mwenyewe.

Jioni kikombe cha chai kimeniponyoka. Sikukigonga. Vidole viliachia vyenyewe. Mke wangu kafuta sakafu, kisha kaniletea chai nyingine kwenye kikombe cha plastiki, na plastiki ile imenitisha kuliko kuponyokwa.

Alhamisi, 6 Machi
Dada Mkubwa kaja mezani kwangu. Nikaanza kukana kabla hajauliza. Kanikatiza.

"Kiti kaa nacho, kaka. Mkono ndio usiukunje."

Kavuta kijiti fulani chini ya kiti, nikapanda juu kama mfalme. Kanisogezea kibodi yake mwenyewe. Kakishika kifundo changu kwa vidole viwili, kakinyoosha taratibu. Kasema zamani mkono wake uliharibika hivihivi, miezi na miezi hawezi kumsuka binti yake. Binti akawa anasukwa na jirani, mama mtu ameketi pembeni anatazama. Tangu hapo kila baada ya kurasa chache huinuka, hunyoosha mikono, huangalia nje, ndipo anarudi.

Nikachapa. Hakuna maumivu. Nilisimamisha vidole nikausikiliza mkono: kimya, kama chumba baada ya mtoto kulala. Nilikuwa nimesahau kwamba mkono hunyamaza. Machozi yakanilenga, nikasingizia vumbi.

Nikamuuliza atachapa na nini, kibodi kanipa mimi. Kasema nusu yake aliimaliza jana.

Ijumaa, 7 Machi
Tumewasilisha, wote wawili kwa wakati. Mkuu kaniuliza nimewezaje na mkono ule. Nimemweleza kwamba nilifanya utafiti. Dada Mkubwa kakohoa.

Jumapili, 9 Machi
Mkono mzima kabisa. Sasa ni shingo. Tangu jana nimelala chali kitandani, laptopu tumboni, kidevu kifuani, nakianza kitabu kipya. Mke wangu ana maoni. Sijayaomba.

Dirishani namwona jirani yetu, fundi cherehani. Kashona tangu asubuhi, na shingo imenyooka kama mlingoti. Nimemtazama mpaka nikasahau kuchapa. Mtu wa ajabu yule! Nimemchunguza kila upande, na siri yake nimeipata.

Ni kofia. Akienda kula huiacha msumarini.