Mtumbwi wa Nyanya Tamar Waingia Chuoni

Jumatatu, 3 Februari

Ratiba ya Wiki ya Sanaa imebandikwa kwenye mlango wa jikoni, mahali pekee chuoni ambapo wanafunzi wote hufika. Jumanne, kuchora ukuta wa lango. Jumatano, mgeni kutoka Malindi atazungumzia batiki. Ijumaa, onyesho la mavazi. Jumamosi, Mungu wangu, Maonyesho Makuu na Siku ya Wazi kwa wazazi.

Kazi yangu ya maonyesho: sina. Si kwamba haijakamilika. Haipo. Gogo nililopewa mwezi wa kumi bado ni gogo. Nalikalia nikinywa chai.

Mwalimu Charo, anayetufundisha uchongaji, ametangaza kwamba asiyeleta kazi Jumamosi atarudia mwaka. Alitangaza akiangalia dari, lakini darasa zima liliniangalia mimi. Wa kwanza kugeuka alikuwa Bahiya. Bahiya wa Hola, anayemaliza kila kitu mapema! Taa yake ya kuning'iniza, iliyoshonwa kwa ukili wa majani ya mkoma, iko tayari tangu Krismasi. Siku hizi anaipangusa vumbi tu. Akaniuliza kwa upole gogo linaendeleaje. Nikamwambia nimeachana na magogo, natengeneza kitu kikubwa. Akauliza kikubwa kiasi gani. Nikanyoosha mikono yote miwili. Nikaona haitoshi, nikatembea hadi dirishani. Mdomo huu utaniua.

Sasa nimekaa juu ya gogo na wazo limekuja. Nyanya Tamar, mama yake baba, ana mtumbwi kule Wema, kijijini kwetu kando ya mto. Marehemu babu aliuchonga mwenyewe. Ni mweusi, mrefu, una kiraka cha bati ubavuni. Ukiutazama vizuri ni sanaa tupu. Kasoro yake ni moja: bado unatumika. Nyanya huvuka nao kwenda kwenye mpunga wake ng'ambo. Lakini siku chache ni nini? Nitaurudisha Jumapili. Ningemwomba, ila kuomba kunaleta maswali. Nitaazima.

Jumanne, 4 Februari

Nimefanikiwa! Mtumbwi uko nyuma ya karakana.

Adano ndiye aliyenisaidia. Ana pikapu ya kubebea mbuzi wa mnada wa Garsen, na tumejuana tangu shule ya msingi. Hakutaka malipo. Alitaka nimchoree fahali wake kwenye mlango wa gari, ili watu wa mnadani wamjue hata kabla hajashuka. Nikasema hilo dogo sana.

Tulifika Wema jioni, Nyanya akiwa kwenye mazoezi ya kwaya. Nilimsikia hadi mtoni. Sauti yake iko juu ya zote. Nikasubiri kiitikio, nikafungua kamba. Nilikuta mtumbwi umejaa maji nusu, tena umefunikwa majani ya migomba. Nikahuzunika. Uzee huu, nikasema, hata mtumbwi hausafishwi! Nikamwaga maji yote na kuyatupa majani. Nikajisikia mjukuu mwema.

Safari ya kurudi haikuwa na heshima. Mbuzi wa Adano walipanda ndani ya mtumbwi na kukataa kushuka. Tukapita njia panda ya Garsen hivyo hivyo, mbuzi wamesimama kwenye mtumbwi kama abiria, na watu waliokuwa wakisubiri basi la Lamu wakatupigia makofi. Nilijifunika uso kwa shati.

Kuchora ukuta sikuwahi. Nimeambiwa Bahiya alichora mto mzima peke yake.

Jumatano, 5 Februari

Rangi haishiki. Mbao zimelowa hadi moyoni. Nimeuvuta mtumbwi katikati ya uwanja wa nyuma, penye jua kali kuliko pote, ukauke. Hapa Garsen jua halihitaji kuombwa. Kisha nikaenda kumsikiliza mgeni wa batiki, nikalala.

Nikaamshwa na simu. Nyanya.

Nyanya huniita mume wangu, kama nyanya wote wanavyowaita wajukuu wao wa kiume. Akasema, "Mume wangu, mto umenichukulia mtumbwi." Akasema kosa ni lake, mikono yake siku hizi haikazi fundo, alifunga kamba vibaya na maji yakauchukua. Amekwenda ukingoni mara ngapi sijui, kuangalia kama umenasa kwenye matete. Mpunga umeiva. Ndege wameujaa. Hana wa kumvusha ila jirani yake Danson, na Danson huvusha mtu anapojisikia tu.

Halafu akaniomba nimwombee.

Nikaomba. Kwa sauti, nimesimama nyuma ya choo cha wavulana. Nikamsihi Bwana aurudishe mtumbwi wa mja wake Tamar, popote ulipo. Nikauona kabisa, hatua chache mbele yangu, ukianikwa. Nyanya akasema amina. Nami nikasema amina. Akanishukuru!

Sijawahi kuona aibu namna hii. Nimeshindwa kula chakula cha jioni. Nimekula baadaye, lakini bila raha.

Alhamisi, 6 Februari

Mtumbwi umelia. Nilikuwa nimeinama kuupiga msasa, nikasikia ta! Nikadhani ni bunduki. Ufa umetokea kutoka kichwani hadi katikati. Baada ya chakula cha mchana, mwingine. Kufikia alasiri ningeweza kuingiza vidole.

Sasa ndipo nimekumbuka majani ya migomba. Babu alikuwa akiyaweka kila jioni, na mimi mdogo nikiyabeba! Mtumbwi ukikaa mkavu juani hupasuka. Mtoto yeyote wa mtoni anajua. Mimi nilijua. Nilijua na nikausahau ujuzi huo kwa sababu ya miaka miwili ya masomo ya rangi.

Bahiya alipita, akasimama, akanusa. Akauliza kwa nini sanamu yangu inanuka kambare. Nikasema ni sehemu ya maana yake. Akauliza nauchonga saa ngapi, maana hajasikia tezo hata siku moja. Nikamwambia msanii wa kweli hachongi kwa kelele. Yeye ni mtoto wa mtoni, alishajua. Akaupapasa ufa, akaenda zake. Heri angenisuta.

Jioni nilimchora fahali wa Adano. Pembe zilitoka vizuri.

Ijumaa, 7 Februari

Siku mbaya mwanzo hadi mwisho.

Asubuhi niliamua kuwa mtu mzima. Niurudishe leo leo, na nyufa zake, nimwangukie Nyanya miguuni, nirudie mwaka. Nilijisikia safi kama nimetoka kuoga. Nikampigia Adano alete pikapu.

Adano hakutaka hata salamu. Mnada mzima umemcheka. Wanasema mlangoni amechorwa fisi mwenye pembe. Mzee mmoja amekataa kumuuzia mbuzi hadi aambiwe yule mnyama anakula nini. Akasema gari lake halitabeba kitu changu tena, hata maiti yangu. Nikamwambia tatizo ni mwanga. Akakata simu.

Basi nikaona ni ishara. Nikauendeleza utu uzima kwa njia nyingine: nikaupaka mtumbwi rangi ya samawati na madoa meupe, usitambulike. Kiraka cha bati nikakichora jicho. Nikaandika kibao: SAFARI YA NAFSI. Ulipokauka ulikuwa ni mtumbwi wa Nyanya uliopakwa samawati.

Saa kumi, simu. Nyanya! Kwa kuwa hana la kuvukia, amesema, na ndege wameshamshinda, basi kesho atakuja Siku ya Wazi aone mume wake ametengeneza nini. Anakuja na kwaya nzima. Nikamwambia siku hiyo ni ya kina baba tu. Akanikumbusha kwamba baba yangu yuko Mombasa na hajawahi kukanyaga chuoni, na kwamba aliyenileta hapa ni yeye, kwa mpunga ule ule. Kisha akasema atavaa viatu vyeupe.

Onyesho la mavazi nililisikia kwa mbali tu. Nilikuwa nimelala kifudifudi juu ya gogo langu.

Jumamosi, 8 Februari

Naandika haraka, kabla aibu haijapoa.

Ukumbi ulijaa. Mtumbwi uliwekwa katikati maana haukuingia penginepo. Mgeni wa Malindi ndiye aliyekuwa mwamuzi. Alipofika kwenye nyufa alipiga magoti. Akazipitishia kidole. Akasema hapa kuna maumivu ya bonde zima, hapa ukame umeandika. Akauliza nilizipataje. Nikasema kwa subira. Mwalimu Charo alikohoa sana.

Kazi yangu ikawa ya kwanza! Mgeni akatangaza kwamba itapelekwa Hola na kuwekwa kwenye ukumbi mmoja wa maonyesho kwa mwaka mzima. Makofi. Nami nikainama kupokea makofi, na nilipoinuka nikawaona akina mama wa kwaya ya Wema wamesimama mlangoni, na mbele yao viatu vyeupe.

Walikuwa wamepanda gari la Adano. Njia nzima alimlalamikia Nyanya kuhusu fahali, na kwa kuwa mtu akilalamika huanza mwanzo, alianza na mtumbwi.

Nyanya aliingia. Alitembea hadi katikati. Watu wakampisha. Akavua viatu, kama anavyofanya siku zote ukingoni, akavishika mkononi. Akainua mguu, akaingia ndani ya mtumbwi, akakaa mahali pake pa kawaida, mkoba mapajani. Watu wakadhani ni sehemu ya onyesho. Wakapiga makofi tena. Mgeni wa Malindi alifuta macho.

Nyanya akangoja makofi yaishe. Kisha akanitazama.

"Haya, Nicholas," akasema. "Nivushe."

Si mume wangu. Nicholas! Sikujua kwamba analijua jina hilo.

Nikasimama. Sina kasia, sina mto, sina mdomo. Akasema tena, polepole, kama mtu anayeongea na kiziwi, "Mpunga wangu unaliwa na ndege. Nivushe."

Hapo ukumbi ukaelewa. Niliuona ukielewa, uso mmoja mmoja, ukianzia kwa wapishi. Nikasema niliazima. Mama mmoja wa kwaya akauliza ndiyo maana wiki hii nilikuwa nikiuombea? Maana Nyanya aliwasimulia dua yangu. Aliwasimulia kwa fahari. Nikatamani nyufa zile ziwe kubwa zaidi, nipite.

Ushindi amepewa Bahiya. Taa yake itakwenda Hola. Hakunicheka, na hilo ndilo lililoniuma. Aliweka taa chini, akaja kushika upande mmoja wa mtumbwi tuutoe nje. Mwalimu Charo akaniambia nitarudia mwaka, na gogo langu linanisubiri.

Jumapili, 9 Februari

Wema. Tulirudi jana wote pamoja, kwaya na mtumbwi na mimi, kwa gari la Adano, aliyekubali kwa heshima ya Nyanya tu. Nilikaa kando ya mlango wa fisi. Hakuna aliyeimba.

Leo kanisani kwaya iliimba, macho yote kwangu. Mchungaji alishukuru kwamba kilichopotea kimepatikana. Watu waligeuka kunitazama. Niliangalia sakafu. Ina mchwa.

Mchana nimeziba nyufa kwa matambara na lami, Danson akinielekeza bila kuombwa. Mtumbwi bado unaingiza maji. Nyanya ametoa hukumu: nitakaa hapa hadi mpunga uingie ghalani. Nitamvusha asubuhi, nitaamia mpunga na kufukuza ndege mchana kutwa, nitamrudisha jioni. Mkono mmoja kasia, mkono mmoja kopo la kukomba maji. Sehemu ya ukingoni mwa shamba ndege wameimaliza kabisa. Ni mabua tu, yamesimama wima. Nyanya alipita hapo bila kugeuza kichwa. Nikalia kidogo, nikasingizia lami.

Bado ananiita Nicholas.

Alhamisi, 13 Februari

Mikono imechubuka. Sauti imeisha kwa kuwapigia ndege kelele. Lakini mpunga umebaki kipande kidogo tu, na leo asubuhi, katikati ya mto, maji yakiwa yamenifika kwenye vifundo, Nyanya alisema, "Komba basi, mume wangu, tutazama."

Mume wangu! Nilikomba hadi ng'ambo kama mashine. Nimesamehewa. Nimekuwa mtu mpya. Naapa, kitu cha mtu sitakigusa tena maishani.

Jioni Bahiya ameniandikia kwenye simu. Onyesho la mavazi la Ijumaa ile halikufana, kwa hiyo litarudiwa mwisho wa mwezi. Mwalimu Charo amesema anayerudia mwaka anaweza kujiokoa akileta mavazi mapya kabisa, ya kubuni mwenyewe. Bahiya amesema ananiambia tu, nisifanye upuuzi. Upuuzi gani? Mimi?

Sina kitambaa. Sina cherehani. Nimekaa mlangoni nikifikiri.

Nyanya amefua majoho ya kwaya na kuyaanika uani. Ni mengi, yamejaa ua mzima. Ya zambarau, yenye kola nyeupe. Upepo ukivuma yanatembea yenyewe, kama warembo jukwaani. Nikikata mikono tu, na kupunguza chini kidogo, na kupaka madoa ya samawati iliyobaki, nani atayatambua? Jumapili bado iko mbali.

Ningemwomba, yuko hapo hapo jikoni. Ila kuomba kunaleta maswali.

Mkasi uko wapi?