Jiwe la Chuo Kikuu Lawasili Eldas

Mwakilishi wa mgeni wa heshima, mwakilishi wa mwakilishi huyo, waheshimiwa machifu na manaibu wenu, masheikh wetu watukufu, wazee wa koo zote bila kuacha hata moja maana najua itakavyokuwa, walimu, wenye maduka, wafugaji wa Eldas, mabibi na mabwana, pamoja na mbuzi mliofika kwa hiari yenu: asalaam alaikum! (Umati: "Wa alaikum salaam.") Wengine husema itifaki imezingatiwa wakapita. Mimi, Daktari wa Heshima Abdisamad Nunow, Mwenyekiti wa Kamati Andalizi ya Kampeni ya Kuchangisha Rasilimali za Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Nyika, sipiti, na nikijitaja tena baadaye ni kwa ajili ya waliochelewa.

Ndugu zangu, mwaka jana nilisimama papa hapa nikasema toeni, mkatoa. Leo kampeni imefikia asilimia mia moja na kumi na tatu ya malengo, takwimu ambayo wataalamu walidai haiwezekani, nami nikawaamuru wahesabu tena mpaka ikawezekana. (Makofi kutoka kwa kamati.) Kipaumbele cha kwanza kilikuwa kuunda kamati. Cha pili kilikuwa kuiwezesha kamati kusafiri, kulala na kula, kwani hakuna fizibiliti stadi, yaani uchunguzi wa mradi, inayofanywa na mtu mwenye njaa. Cha tatu kilikuwa benchimaki: tulikaa Dubai siku kumi na tisa tukitazama vyuo vikuu vinavyosimama, na nawathibitishia kwamba vinasimama vizuri. Maabara, maktaba na wahadhiri ni kipaumbele cha nne, na masta plani inasema bayana kwamba cha nne hufuata cha tatu. Haba na haba hujaza kibaba. Nanyi kibaba mmekijaza, ila kwa sasa kibaba chenyewe tunakitafuta.

Wapo wanaouliza impakti iko wapi. Impakti haishikwi kwa mkono, impakti huhisiwa na mastekiholda, yaani ninyi wadau! Mfano hai ni mama yetu Sahro, yule pale mwenye ushungi wa buluu. Alitoa ngamia wake wa maziwa, wa pekee aliyesalia baada ya ukame, ili binti yake Hamda awe mwanafunzi wa kwanza wa chuo hiki. Simama mama, watu wakuone. (Sahro anasimama. "Mheshimiwa, ngamia yangu iko wabi?") Ameshaingizwa kwenye mfumo, mama. ("Mfumo gani? Wallahi, watu walimkula kwa harusi ya kijana yako!" Kicheko.) Ile haikuwa harusi. Ilikuwa retriti ya kimkakati yenye bibi arusi. Tafadhali keti.

Na huyu Hamda, mwenye A ya kemia, alikuwa na nafasi ya kusomea uuguzi Nairobi. Akaiacha, ikachukuliwa na mwingine, kwa sababu nilimwandikia barua kwa mkono wangu mwenyewe: ripoti Eldas Jumatatu. Huo ndio uzalendo! (Watu wanageuka kumtazama Hamda.) Nimesema, huo ndio uzalendo. (Makofi kutoka kwa kamati.)

("Mheshimiwa," Hamda anauliza, "Jumatatu ni kesho. Nitaripoti kwa nani?")

Swali la kisomi kabisa, na jibu lake limefunikwa na pazia hili. (Anavuta kamba. Pazia linaanguka. Jiwe la msingi limesimama peke yake mchangani, kona yake moja imevunjika.) Marumaru halisi! Njoo usome, binti, wewe ndiye msomi wetu. (Hamda anainama. "Neno Eldas limeandikwa kwa chaki." Anafuta kidogo kwa kidole. "Chini yake kuna alama za neno Masalani.")

Hiyo ndiyo inaitwa multikampasi! Jiwe moja, kampasi nyingi, na gharama imeshuka kwa asilimia sitini na sita. Wenzetu wa mji wa Masalani walilizindua Jumanne wakafurahi mno, ndipo ile kona ikavunjika wakati wa kupakia. Mbona mnanitazama hivyo? Kazi ya jiwe la msingi ni kuzinduliwa, na hakuna jiwe Kaskazini Mashariki yote lililozinduliwa kama hili.

Basi nawashukuru kwa chuo chenu, ambacho kingekuwa na kiwanja, na ramani, na kibali, kingebaki kujengwa tu. Vijana wanne watusaidie kulirudisha kwenye pikapu, taratibu kwenye ile kona, kwa maana kesho asubuhi linangojwa Bute. Hamda, mwandiko wako ni mzuri. Shika chaki, futa Eldas, andika mji unaofuata, herufi nne tu. Hesabu kwamba umesharipoti.

(Hamda anafuta jiwe kwa ncha ya ushungi wake. Anaandika polepole, nyuma ya mgongo wa mheshimiwa. Herufi nne.)

Nami nikifunga nasema, elimu! (Watu wanatazama jiwe.) Msilale, jamani! Someni kilichoandikwa pale, kwa sauti moja!

("Wezi!")

Kipaza sauti kinapiga filimbi, sikusikia vizuri!

("Wezi!")

Hivyo ndivyo! Tena, mpaka Bute wajue tunakuja!

(Mama Sahro anasimama, safari hii bila kuombwa. "Wezi!")

Asante, mama. Asanteni nyote kwa kunitambua.