Maafisa wa Jua

Jumatatu, Machi 3

Leo nimepata maana ya kazi yangu! Nimeipata kwa redio nikimnyonyesha Wesley. Kuna mzee mwenye sauti tamu alikuwa anawauliza wasikilizaji: wewe leo umeamka kwa nini? Nikamjibu, nimeamka kwa sababu mtoto ameamka. Akasema jibu hilo halitoshi. Kama vile amenisikia! Akasema asiyejua maana ya kazi yake ni punda tu, anabeba asichokijua. Yawa. Mimi hubeba sana.

Kazi yenyewe ni kuanika omena, wale dagaa wa ziwani, hapa ufuoni Homa Bay. Mashua zikifika asubuhi tunamwaga omena juu ya nyavu kuukuu, tunatandaza, tunageuza, tunafukuza ndege, jioni tunajaza magunia. Mali ni ya Mama Fanuel. Mikono ni yetu watatu: mimi, Bhoke, Mkuria aliyeolewa huku, na Lynnet. Lynnet hacheki. Anageuza omena kama mtu anayefungua karatasi za mtihani.

Nikawauliza wao wameamka kwa nini. Bhoke akasema ni jogoo wa jirani, na akizidi kumsumbua atamla. Lynnet akasema mbu.

Kumbe kubwa lilikuwa njiani. Mama Fanuel akaja na kutangaza kwamba kibanda chake cha soko la Migori hakina mtu. Jumamosi atachagua mmoja wetu aende kukaa kule, auze. Anataka mwenye moyo wa kazi. Moyo wa kazi! Si ndio niliupata asubuhi hiyo hiyo?

Migori ndiko aliko Maxwell, baba Wesley, na boda boda yake. Huja mwisho wa mwezi. Mara ya mwisho Wesley alimwona na ile helmeti, akalia mpaka akatapika. Baba mtu akaenda kukaa nje ya mlango, helmeti mapajani, kama mgeni aliyekuja kuomba kazi. Hapana. Lazima niende Migori.

Jumanne, Machi 4

Mpango wa kwanza: vyeo. Mzee wa redio alisema jina la kazi ndilo linalompa mtu nguvu. Sisi tunaitwa "wale wamama wa omena". Sasa hapo mtu atatoa nguvu wapi? Kuanzia leo sisi ni Maafisa wa Jua. Bhoke nimemfanya Afisa wa Ndege, maana anarusha jiwe vizuri. Lynnet ni Afisa wa Kugeuza. Akauliza kama afisa hupewa kiti. Nikamwambia kiti kiko moyoni. Akasema basi kwa sasa ataketi kwenye ndoo.

Nikaitisha mkutano wa maafisa wote. Wakaja wote. Na Afisa wa Ndege akaja. Kosa ni hapo, sasa naliona. Kabla hatujafungua hata kwa maombi vizuri, okok, wale ndege weupe wenye shingo ndefu, walishuka kwenye wavu wa mwisho kama waalikwa wa harusi. Walikula kwa utaratibu, hata hawakugombana. Mama Fanuel akatokea nyuma ya mashua, akauliza kuna nini hapa. Nikamjibu tunajadili namna ya kuzuia ndege.

Aliniangalia tu. Akaangalia ndege. Akaniangalia tena. Nafikiri alipendezwa.

Jumatano, Machi 5

Mpango wa pili, na huu ni moto! Usiku nilijiuliza, ni wapi niliwahi kuona watu wakichoka na bado wanafurahi? Sherehe za kwetu! Na kwa nini? Pakruok! Mtu anasimamisha muziki, anajitaja jina, anajimwagia sifa zake zote, na kila mmoja ananyamaza kumsikiliza. Nikasema tuilete kazini. Kila tukimaliza kugeuza wavu, mmoja anajisifu. Nikaweka na sheria: atakayekatiza sifa za mwenzake ataosha nyavu zote peke yake.

Nilianza mimi. Mimi Mourine, mke wa upepo wa Migori, mama wa simba asiye na meno, omena ikiniona inajikausha yenyewe! Wavuvi wakapiga makofi. Kazi ikakimbia. Hata Lynnet mdomo wake ulicheza kidogo, upande mmoja.

Zamu ya Bhoke. Akasema kwao mtu hajisifu ovyo, kwao mtu hutaja ng'ombe. Nikamwambia ataje. Nyasaye wangu! Akataja. Kuna fahali wa baba yake mwenye pembe moja. Kuna yule aliyeuzwa sokoni Ogwedhi asubuhi, na jioni akarudi nyumbani mwenyewe na kamba ya mnunuzi shingoni. Kuna aliyempandisha mchungaji wa kanisa juu ya mti, na ibada ikaendelea huko huko juu. Tulicheka mpaka nikashika mbavu. Lynnet akanyoosha mkono. Nikamwambia asubiri zamu yake. Akanyoosha tena, na mkono mwingine unaonyesha ziwa. Nikamkumbusha habari ya kuosha nyavu. Bhoke alikuwa ameingia kwa ng'ombe wa mahari ya dada yake, na dada ni wengi.

Mwishowe zamu ikafika. Lynnet akasimama juu ya ndoo. Akasema taratibu: mimi Lynnet, binti wa Homa Bay, niliyeiona mvua ikivuka ziwa tangu fahali wa pili.

Tone la kwanza lilianguka puani kwa Wesley.

Omena ikinyeshewa inageuka manjano, inanuka, na mtu hawezi kuipeleka kinywani. Inakuwa ya kuku. Nyavu zote zilinyeshewa. Zote. Mama Fanuel alisimama chini ya mwavuli wake, hakupaza sauti hata kidogo. Ningependa apaze.

Alhamisi, Machi 6

Nimelala vibaya lakini nimeamka na wazo. Wesley pia ameamka na jino! Dalili njema.

Mama Fanuel haongei nami. Basi omena itaongea. Nilifika mapema, nikapokea mzigo wetu, nikamwambia Bhoke na Lynnet wapumzike, leo ni mimi. Sikutandaza kama kila siku. Niliandika. Herufi kubwa, nene, za omena, juu ya wavu: MAMA FANUEL NAIPENDA KAZI YAKO. Ndivyo nilivyopanga. Herufi nene zinakula samaki. Nilifika MAMA FAN, omena ikaisha.

Wavuvi walikuwa wanapita wakisoma kwa sauti. Mmoja akauliza Mama Fan ni nani, ni yule anayeuza mafeni? Halafu nikajua jambo ambalo nililijua siku zote: omena ikirundikana haikauki. Ilipofika saa sita, herufi M ilikuwa inatoa mvuke. Lynnet akaja na reki, akafuta MAMA, akafuta FAN, akatandaza yote ikakaa sawa. Nilitaka kulia. Nikamwambia asante. Akasema nisimame kando, nazuia jua.

Ijumaa, Machi 7

Imekwisha. Asubuhi nimemwona Lynnet amesimama na Mama Fanuel kando ya magunia, wananong'ona. Halafu wote wawili wakageuka wakaniangalia. Wote wawili! Ni yeye basi. Ataenda Migori na ndoo yake. Na mume hana kule, wala shangazi. Mimi nitabaki hapa, na Wesley atajifunza kutembea, na baba yake atamkuta anakimbia, amkimbie yeye.

Nikaenda kukaa juu ya gunia la omena ya kuku. Wesley akajaribu jino lake jipya kwenye kidole changu. Nikamwambia pole, mwanangu, mama yako alipata maana, lakini mvua haikuisikiliza.

Hapo akaja mzee Mogire, mfugaji kuku kutoka Migori. Akauliza kama tuna omena iliyoharibika. Nikamwambia, baba, usiiite iliyoharibika, hujui imepitia nini. Nikamsimulia. Sikuweza kujizuia. Nikamwambia gunia hili lilikuwa zima wakati wa fahali mwenye pembe moja, lile liliiona mvua ikija wakati mchungaji yuko juu ya mti, na hili nililokalia ndilo la yule wa Ogwedhi na kamba yake. Mzee alicheka mpaka kofia ikaanguka. Akasema kuku wake hawajawahi kula chakula chenye historia. Akachukua yote, na lile la Ogwedhi akaomba liwekwe mbele karibu na dereva. Mwanamke aliyekuja naye hakuwa na kuku hata mmoja, alinunua omena nzuri ya jana kwa sababu alitaka kusikia mwisho wa habari ya mchungaji.

Mama Fanuel alikuwa nyuma yangu muda wote. Nimemsikia akiguna.

Jumamosi, Machi 8

NI MIMI!

Mama Fanuel alitukusanya. Akasema, nyathina, mwanangu, wewe Mourine utaniangamiza. Nikainamisha kichwa. Akasema omena haina masikio, na nimeiongelesha wiki nzima mpaka ikaoza, lakini mnunuzi ana masikio mawili na mfuko. Basi niende nikawaongeleshe wa Migori, nimwachie omena Lynnet, ambaye kuanzia leo ndiye msimamizi wa nyavu. Akaongeza kwamba kule nisiguse wavu wowote, nisianike kitu chochote, omena itakuja ikiwa kavu.

Na sikiliza hii! Kumbe ile jana Lynnet alikuwa ananiombea mimi! Mama Fanuel amesema Lynnet alimsihi sana, kwa jina la Mungu, anipeleke Migori, hata leo kama kuna gari. Nikamkumbatia. Akasimama kama mti. Akasema anataka tu kusikia mawimbi. Ana aibu, maskini. Halafu akampa Wesley kofia ndogo ya uzi aliyoifuma mwenyewe, akiwa ameketi kwenye ndoo.

Bhoke alilia. Amenipa ng'ombe mmoja, wa maneno tu, lakini mwenye pembe zote mbili.

Jumatatu, Machi 10

Migori! Baba Wesley alitupokea jana. Safari hii aliivua helmeti akiwa mbali, akaiweka chini, akachuchumaa nyuma yake akangoja. Wesley akaitazama. Akaitambalia. Akaitia mkono ndani, akachungulia, akacheka. Jioni alikuwa ameketi ndani ya helmeti kama yai, na baba yake anamwita abiria.

Nimewaza sana juu ya wiki iliyopita. Funzo liko wazi: mipango yangu inafanya kazi. Mkutano, vyeo, pakruok, na tazama niko wapi! Baba Wesley anasema labda Mama Fanuel alimaanisha kitu kingine. Yeye hakuwepo.

Sasa naandika nikiwa kibandani. Omena imekuja kavu, ndiyo, lakini nimeona imenyong'onyea kidogo ndani ya gunia, nikaimwaga nje kwenye turubai ipate jua. Si kuanika. Ni kuipa moyo. Na wauzaji wenzangu hapa, watu wazuri, lakini nyuso zao! Wanapima nyanya kama wanaopima madhambi. Nimewakusanya wote. Nimewapa vyeo. Nimeeleza pakruok na sheria yake, na sasa hivi baba mmoja wa vitunguu anajisifu vizuri sana, ameanza na babu yake.

Mokeira wa nyanya amenyoosha mkono, macho yake yako juu angani. Nimemwambia asubiri zamu yake.