Masharti ya Nahodha Musyoka

Jumatatu, 3 Machi 2025

Siku mbaya. Ndegwa ametunga sheria.

Ndegwa ndiye mwenye ploti tunayoishi, na ndiye mwenye kibanda cha gemu hapa Kawangware ambapo kikosi chetu hukutana na simu zetu kucheza ile gemu ya bunduki. Tangu aokoke hataki kusikia matusi. Sasa anasema kila mechi ikiisha, wachezaji wote, wetu na wapinzani, watapigiana kura za uungwana. Nani amemfufua mwenzake aliyeanguka. Nani amegawa risasi. Nani hajamtukania mtu mamake. Atakayekuwa na alama nyingi kufikia Jumapili ndiye atakuwa nahodha kwenye fainali dhidi ya Kibera.

Nahodha ni mimi! Nimekuwa nahodha tangu kikosi kianze. Hakuna aliyenichagua, kwa hivyo sioni ni nani anaweza kuniondoa.

Najua hii ni kazi ya Ishmael. Ishmael humfufua kila mtu. Hugawa dawa hata kabla hajaombwa. Mtu wa namna hiyo lazima kuna kitu anatafuta. Shiru, anayeuza mitumba pale stejini na kulenga shabaha vizuri sana, alipiga makofi. Hata Mutanu, mchezaji wetu wa nne, alisema sheria iko poa. Mutanu ni dada yangu wa tumbo moja. Tunakaa chumba kimoja na tunakula sufuria moja!

Haya. Kama ni uungwana wanataka, nitawapa mpaka washibe.

Jumanne, 4 Machi

Mpango wa kwanza: adabu. Tulicheza mechi ya mazoezi na vijana wa Congo, mtaa wa hapa hapa Kawangware. Kila nilipomlaza adui chini nilimwambia kwa sauti ya upole: pole sana ndugu yangu, pumzika kwa amani.

Nilitarajia alama tele. Ningejuaje kwamba Wekulo, nahodha wao, ametoka Kakamega juzi kumzika mjomba? Nilipomwambia apumzike kwa amani mara ya tatu aliweka simu chini, akavuka kibanda, akanishika kola. Shati ni la kanisani. Ndegwa alinipunguzia alama. Nikamuuliza sifuri inapunguzwaje. Akasema kibanda ni chake na hapa inapunguzwa.

Ishmael alimpa Wekulo pole ya kweli, wakaongea kando kwa muda mrefu. Akapata kura zote. Kuna watu hawana haya, wanatafuta kura hata kwenye msiba.

Alhamisi, 6 Machi

Mpango wa pili, na huu nilifikiria kwa makini nikifua nguo. Alama nyingi zinatoka kwa kumfufua mwenzako. Lakini huwezi kumfufua mtu mzima. Lazima kwanza aanguke. Shida ya kikosi chetu ni kwamba watu hawaanguki vya kutosha.

Kwa hivyo leo, kama nahodha, niliwaongoza nje ya zile nyumba hadi uwanja wazi. Nikawaambia kuna risasi za bure pale katikati. Mimi nikabaki nyuma ya ukuta. Wakaanguka. Nikatoka mbio, nikawafufua. Wakaanguka tena. Nikawafufua tena! Nilikuwa kama daktari wa zamu. Shiru alinishukuru, Ishmael alinishukuru. Niliona raha mpaka nikasahau kwamba tunacheza na watu. Tulipigwa vibaya.

Lakini Mutanu aliangalia marudio ya mechi kwenye simu yake, ile yenye kioo kilichopasuka. Aliangalia mpaka mwisho. Tulipofika nyumbani, akikatakata sukuma, ndipo akasema.

"Bro, ulikuwa unamwona yule jamaa kwa paa. Ulikuwa na bunduki. Ulimngoja aniangushe."

Nilimweleza kuhusu alama. Nilimweleza vizuri, kwa mifano. Sukuma ilikuwa na chumvi nyingi. Sidhani ni bahati mbaya.

Jumamosi, 8 Machi

Kibera wamekuja kwetu kwa mechi ya kujipima kabla ya fainali. Kikosi cha Soweto West, mtaa mmoja wa kule kwao Kibera. Nahodha wao ni msichana mmoja mtulivu aliyevaa kofia ya sufu, anayejiita Simba kwenye gemu. Hakusema mengi. Aliketi na watu wake upande mmoja wa kibanda, sisi upande mwingine, na hapo nikaona tatizo. Kibanda ni kidogo. Kila ninachowaambia watu wangu wanakisikia.

Akili yangu ilifanya kazi haraka. Nikaanza kutoa amri kwa Kikamba.

Kibera ni Waluo, Wanubi na Waluhya, hilo kila mtu analijua. Nani kule atajua Kikamba? Nilimwambia Mutanu ajifiche nyuma ya tangi la maji. Nilimwambia Shiru apande ghorofani. Nilimwambia Ishmael asubiri mlangoni na asitoke hata akisikia nini. Amri safi kabisa. Shiru, ambaye ni Mkikuyu, aliuliza nasema nini. Ishmael, ambaye kwao ni Vihiga, aliuliza pia. Niliwajibu kwa Kikamba kwamba hii ni siri. Wakabaki wamesimama barabarani kama watu waliopotezwa na konda, wakapigwa risasi wakiuliza.

Nyuma ya tangi la maji Mutanu alikuta watu wawili wanamngoja. Nikambadilishia njia, nikamwambia apitie darajani. Darajani walikuwa wameshafika.

Mechi ilipoisha yule msichana wa kofia alikuja akanipa mkono. Akanisalimu kwa Kikamba cha Kitui, kile cha ndani kabisa, akaniuliza watu wa nyumbani hawajambo. Jina lake ni Syombua. Alizaliwa Kitui, na mamake anauza maharagwe Soweto West tangu yeye akiwa mgongoni. Mutanu alicheka mpaka akashika ukuta. Wakapeana namba za simu.

Nilimwambia Ndegwa kwamba adui kusikiliza lugha bila kusema anaijua ni ukosefu wa uungwana, na Syombua anastahili kupunguziwa alama. Ndegwa alinitazama. Akaniuliza kama nimekula.

Jumapili, 9 Machi

Kura zimehesabiwa baada ya ibada. Ishmael nahodha. Mimi nimekuwa wa mwisho, chini ya kijana mmoja aliyeumwa na hakucheza hata siku moja.

Niliuliza kama Mutanu amenipigia kura. Akasema hapana. Alisema mbele ya watu, bila hata kuinamisha uso. Iliniuma. Naiandika hapa kwa sababu hakuna mahali pengine pa kuisemea.

Ishmael alisema ananihitaji kikosini, na kwamba hakuna anayejua ramani ya ile gemu kama mimi. Alitaka kunishika bega. Nikamwambia siwezi kutumikia chini ya mtu aliyefika juu kwa kuwa mwema. Nimejitoa. Watanibembeleza kufikia Jumanne.

Jumatano, 12 Machi

Hawajanibembeleza. Nimepita mbele ya kibanda nikiwa naenda dukani. Nimepita tena nikirudi. Mara ya tatu sikuwa naenda popote. Wamemweka Timothy, fundi wa viatu, mahali pangu. Timothy hajui hata kubadilisha bunduki! Ishmael alikuwa amechuchumaa kando yake akimwonyesha polepole, na watu wote wanacheka, na yeye Timothy pia anacheka.

Sikumbuki kama kikosi changu kiliwahi kucheka.

Jumamosi, 15 Machi

Siku ya fainali. Ukumbi uko Olympic, kule Kibera. Nilibaki nyumbani nikijikaza kisabuni.

Dakika chache kabla ya mechi, Mutanu alinipigia. Simu ya Timothy imetumbukia kwenye karai la maji ya viatu. Hakuna wa nne. Ndegwa ameongea na waandalizi na Syombua, na Syombua mwenyewe amekubali nicheze nikiwa nyumbani. Nafasi ipo. Mutanu alikuwa anahema. Alisema hawajawahi kufika fainali, na anataka kikombe hiki kuliko kitu chochote mwaka huu.

"Bro, ingia tu. Tafadhali. Ucheze tu."

Unaona? Wamenyooka! Niliingia mara moja, ili wasimpe mtu mwingine nafasi. Askari wangu akasimama uwanjani pamoja nao. Kisha, kabla ya kumgusa, nikamwandikia Ishmael masharti yangu. Kwamba ninarudishiwa unahodha. Kwamba itangazwe ukumbini. Kwamba Mutanu aombe radhi kwa kile kicheko. Mechi ikaanza. Ishmael hakujibu. Anajifanya ana shughuli nyingi.

Nilitazama. Walikuwa wanacheza vizuri sana, watatu dhidi ya wanne. Shiru anawakinga kwa risasi, Ishmael anagawa, Mutanu anakimbia. Kibera wakabaki wawili. Ndipo Mutanu akapigwa, pale pale karibu na askari wangu. Akaanza kutambaa. Alitambaa mpaka miguuni pangu.

Ilikuwa kubonyeza kitufe kimoja. Kidole kilikuwa juu yake. Nilimsikia kwenye simu akiita jina langu. Si kwa hasira. Aliita vile alivyokuwa akiniita Machakos tukiwa wadogo, giza likiingia na sisi bado mtoni.

Nikaangalia kama Ishmael amejibu masharti. Alikuwa hajajibu.

Akafia hapo. Kibera wakamaliza waliobaki, na Syombua akachukua kikombe. Askari wangu alikuwa wa mwisho kuuawa, kwa hivyo kwa namna fulani mimi ndiye niliyedumu kuliko wote.

Jumapili, 16 Machi

Mutanu amehama. Amechukua blanketi, sufuria ndogo na chaja, ameenda kukaa kwa Shiru. Syombua alikuja kumsaidia kubeba. Hawakunisema vibaya. Ningependa wangenisema vibaya.

Aliniachia githeri imefunikwa kwa sahani. Nimekula yote. Chumba ni kikubwa kumbe, na nimekaa kitandani tangu asubuhi nikijiuliza kosa lilikuwa wapi. Nimekaa, nimefikiri, nimelia kidogo, na sasa nimelipata.

Masharti yalikuwa marefu. Mtu yuko vitani, hawezi kusoma maneno mengi hivyo.

Mutanu atarudi. Ni damu yangu, na kwa Shiru kuna kunguni. Akirudi nitamsamehe kwa moyo mweupe, na nimeanza kumwandikia masharti mapya, mafupi, ya mstari mmoja mmoja. La kwanza linasema nahodha ni mimi.