Bei Elekezi ya Vyumba vya Wanachuo, Mkata

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye ameshindwa kufika na hivyo nimekubali kumwakilisha. Mashehe, wachungaji, mabalozi wa nyumba kumi, ndugu zangu wenye nyumba, na wapangaji wachache mliobaki, nawasalimu, itifaki yote imezingatiwa. (Makofi ya meza kuu.)

Mimi, Filemoni Mdoe, Mwenyekiti wa Kamati ya Uratibu wa Kodi Stahiki, niliwakuta mwaka jana mkipangisha chumba kwa elfu ishirini, kwa kumtazama mtu usoni na kuuliza jirani anatoza ngapi, utaratibu ambao hauna data, hauna mkakati, hauna hata projekta. Ndipo tukafanya tathmini shirikishi: nikahesabu kwa miguu yangu mwenyewe kutoka kwenye kibao kilichoandikwa CHUO KINAKUJA hadi mlangoni mwa kila nyumba, tukapata bei elekezi. Hatua mia, elfu tisini. Hatua mia tano, elfu sitini. Choo cha nje si hoja, msomi hutembea. (Kicheko.)

Leo utekelezaji umefikia asilimia mia moja na nne, kwa kuwa nyumba nne zilipandisha kodi kabla hatujazifikia. (Makofi.) Namwona mama Dorkasi amesimama. Sema, mama.

("Mwenyekiti, nilikuwa na mwalimu na fundi cherehani, wananilipa bila kusukumana. Nikawapandishia kama ulivyosema, wakahama. Huu ni mwezi wa nane vyumba vile wanalala popo. Mwalimu anasema kwa elfu ishirini angerudi, ila leo jioni anachukua chumba kwingine. Sasa hao wanachuo wanakuja lini?")

Swali zuri, limepokelewa. Kushusha kodi, mama, ni kuhujumu mchakato. Chumba kitupu si hasara, ni fursa iliyo katika hali ya kusubiri. ("Popo wanalipa miezi sita sita?" Sauti ya nyuma. Kicheko kirefu.) Popo hawamo katika hadidu za rejea.

Kodi juu, maendeleo juu. (Meza kuu inaitikia.) Mwenye nyumba, usitetereke. (Meza kuu, peke yake.)

Nihitimishe kwa kuwashukuru kwa uvumilivu, na kwa namna ya pekee nimshukuru mama Dorkasi, kwani swali lake limenikumbusha kwamba barua ya kuomba tujengewe chuo bado hatujaiandika. Naunda kamati ndogo ya kuiandika. Ahsanteni.

(Mama Dorkasi yuko mlangoni, simu sikioni: "Mwalimu, ni elfu ishirini. Beba godoro uje.")