Usipaki Lori Hapa

Jumatatu, 3 Novemba

Wateja leo: watano. Mmoja wao alikuja kuuliza choo. Kwa Njoki, upande wa pili wa barabara na pembeni kidogo, watu wamejaa mpaka wengine wanakula wamesimama! Na hoteli yenyewe haina hata jina. Mlango wa buluu na moshi, basi. Sisi tuna jina. Mwanzo Mpya Hotel, herufi nyekundu, nimechora mwenyewe. Njoki bado anatumia simu ya mulika mwizi, ile ya vitufe isiyo na mtandao. Hajui hata video inawekwa wapi. Sielewi.

Jioni mke wangu Tabby ameniletea habari. Kuna tajiri wa Nakuru anaitwa Abdirashid, mwenye malori mengi. Anatafuta hoteli moja hapa Mai Mahiu ambapo madereva wake wote watakuwa wakila, wakipanda na wakishuka. Ataamua wiki hii. Tabby anasema tukimpata, tumeokoka. Tukimkosa, anafunga hoteli, na mimi naenda Rongai, ile ya Nakuru, kwa kaka yake Muturi kubeba magunia kwenye stoo yake ya mahindi. Muturi! Shemeji anayenichekea puani na kuniita Profesa. Afadhali nilale njaa.

Lakini nina mpango. Tajiri wa siku hizi hatembei akichungulia sufuria za watu. Anatafuta mtandaoni. Nimempigia Lynn, binti wa dada yangu, anayesomea biashara Nakuru mjini. Nikamuuliza mwenye biashara ndogo atenge muda gani wa kujitangaza mtandaoni. Akasema anko, lisaa limoja kwa siku linatosha, halafu urudi kwa wateja. Lisaa limoja! Vijana ni wavivu. Kama lisaa limoja linaleta wateja kumi, kutwa nzima italeta wangapi? Tabby akasema hata mbolea ukizidisha inachoma mahindi. Nikamwambia mtandao si shamba. Akasema haraka haraka haina baraka. Nikamwambia ngoja ngoja huumiza matumbo. Akaenda kuosha sufuria. Nimeshinda.

Jumanne, 4 Novemba

Nimeanza kazi asubuhi na mapema. Simu ndani juu ya mkebe wa mafuta ya kupikia, mimi mlangoni na sahani ya chapati, mlima Longonot nyuma yangu. Picha safi! Watu wanatoka Nairobi na kulipa ili wauone mlima huu. Mimi ninao bure.

Shida moja. Kabla sijasema hata hamjambo, lori la vitunguu likaja likasimama palepale, katikati yangu na mlima. Nikamwendea dereva kwa heshima. Boss, sogeza kidogo, unafunika mlima. Akaniuliza mlima ni wa nani. Nikamwambia leo ni wangu. Akacheka, akavuka barabara, akapaki kwa Njoki. Muda si muda malori mengine mawili yakaja yakajipanga nyuma yake kama watoto wa nasari. Wote wakala huko. Sina wivu. Naandika tu.

Video imetoka vizuri ajabu, na kwa lisaa limoja tu, kabla Tabby hajaniita jikoni. Laiki sitini! Mtu wa Peru amenitumia mioyo. Peru! Tabby ameuliza huyo wa Peru atakula chapati ngapi. Mwanamke huyu nampenda, lakini hana maono.

Jumatano, 5 Novemba

Nimeandika kibao kwa kipande cha katoni, nikakisimamisha mbele ya hoteli. USIPAKI LORI HAPA. TUNAREKODI. Kimefanya kazi mara moja. Hakuna lori hata moja lililosimama kutwa nzima! Mlima ulikuwa wangu kuanzia asubuhi mpaka jua likatua. Nimerekodi video saba.

Wateja: wawili. Wa kwanza alikuwa anataka chenji. Wa pili alikuwa dereva aliyeacha lori lake kwa Njoki na kuvuka kuja kununua sigara, ambazo hatuuzi. Nikamkalisha. Nikamuuliza kwa upole Njoki amewapa dawa gani. Akasema yeye hamjui Njoki. Ameona malori. Dereva akifika mahali pageni, akiona malori yamepaki, anajua hapo chakula hakitamsumbua tumbo akiwa katikati ya mteremko. Asipoona malori, anapita. Ndivyo wote wanavyofanya, akasema, hata babake alifanya hivyo.

Nimeshangaa sana. Kumbe hawa watu hawana utafiti wowote! Mtu mzima na leseni yake anafuata mkia wa lori kama ndama. Ndiyo maana lazima waelimishwe mtandaoni. Kesho naongeza muda.

Tabby alikuwa anasikiliza kutoka jikoni. Alitoka, akakitazama kile kibao, akanitazama mimi, akakitazama kibao tena. Nilimuuliza kama herufi zinaonekana kwa mbali. Akasema zinaonekana.

Alhamisi, 6 Novemba

Siku mbaya. Au nzuri. Sijui.

Asubuhi nikajibu komenti. Lynn alisema ni vizuri kuwajibu watu. Mmoja ameuliza kama tunapeleka ndengu Kisumu. Nikamwambia tunafikiria. Mwingine, anajiita Simba wa Kijabe, akaandika kwamba chapati yangu inafanana na kiraka cha tairi. Kiraka! Chapati za Tabby! Nikamjibu. Akanijibu. Nikamjibu tena na picha tatu. Tulipomalizana ilikuwa saa saba, na harufu fulani ilikuwa imejaa hoteli. Maharagwe. Nilikuwa nimeambiwa niyaangalie.

Nikarekodi sufuria ikitoa moshi, kwa uchungu tu. Watu elfu mbili wametazama! Wali wangu mzuri wa jana ulitazamwa na thelathini, na wawili kati yao ni mimi. Nani anielezee?

Alasiri nikaanza video ya kurekebisha mambo. Niko katikati ya maneno ya kugusa moyo, lori likaanza kupiga honi barabarani. Piiii! Nikaanza upya. Piiii! Nikatoka mbio nikamwambia dereva awe na adabu, kuna mtu anafanya kazi hapa. Akasema pole mkubwa, alikuwa anaita tu aletewe chai sita na chapati kumi na mbili, ila ameona kibao akaogopa kusimama. Nikamwambia angoje nimalize kurekodi. Nilipomaliza, hakuwepo. Alikuwa kwa Njoki.

Tabby aliketi juu ya gunia la makaa. Mikono yake ilikuwa na unga mpaka viwikoni. Halafu akasema, Baba Wachuka, mimi naamka gizani kukanda huu unga. Nilitaka kumwambia pole. Haki ya Mungu nilitaka. Lakini simu ikalia. Ilikuwa Simba wa Kijabe tena.

Ijumaa, 7 Novemba

Leo nimeenda laivu. Moja kwa moja, bila kupumzika, ndivyo wakubwa wa mtandao wanavyofanya. Tabby amepika chapati tangu alfajiri kwa sababu wiki inaisha na Abdirashid hajaonekana. Amefunga kitambaa chake cha kanisani. Ameniomba jambo moja tu, nikae mlangoni nitazame barabara. Nimetazama. Kupitia simu.

Alasiri watazamaji walikuwa wamepita mia. Ghafla mlima ukapotea. Malori matatu! Yamejipanga mbele ya mlango wangu, yamefunika Longonot yote. Na kibao changu kiko chini ya tairi! Damu ikanipanda. Nikatoka na simu mkononi, watazamaji wakiona kila kitu, nikapiga makofi kama mtu anayefukuza mbuzi kwenye sukuma wiki. Toeni! Toeni!

Mzee mmoja wa koti la kijivu na kofia ya kufuma akashuka kwenye lori la mbele. Akanisalimia vizuri. Akasema bintiye Umaima alimwonyesha video yangu ya Jumanne, ile ya mlima, ndiyo sababu amepita kuonja chapati. Nikamwambia mzee, chapati itangoja, mwanga haungoji. Akasema mlima ule ameupita miaka thelathini na hajaona ukihama. Nikamwambia ndiyo maana yeye ni dereva na mimi ni mfanyabiashara. Watazamaji wakapenda hiyo! Mioyo ikamiminika. Nikamwomba hata anishikie simu kidogo huku nikiwaongoza madereva wenzake wavuke barabara. Alishika vizuri, mkono wake hautetemeki. Kisha akanirudishia, akasema asante kijana, akavuka kwa miguu pole pole.

Nikageuka. Mlima safi!

Tabby alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chapati, zimefunikwa kitambaa cheupe. Akaniuliza, kwa sauti ndogo sana, kama nimesoma jina lililoandikwa kwenye milango ya yale malori. Nikasema sikusoma, nilikuwa naangalia mwanga. Akasema soma. Nikasoma. Herufi kubwa za manjano, hata mtoto wa nasari angesoma. ABDIRASHID NA WANAWE, NAKURU.

Nikamwita Tabby. Hakugeuka. Alivuka barabara na sinia lake kichwani, akaingia mlango wa buluu.

Jumamosi, 8 Novemba

Imeamuliwa. Madereva wa Abdirashid watakula kwa Njoki. Njoki ndiye aliyekuja kuniambia, kwa heshima, akanibebea na chai. Jana chapati zake zilikuwa zimeisha wageni wakifika, na Tabby akatokea na sinia. Mzee akala mbili, akaongeza moja, akauliza ni mkono wa nani. Akasema sawa, hapa ni pazuri, lakini chapati ziwe za huyu mama. Kwa hivyo Njoki na Tabby sasa ni washirika. Njoki ana meza na malori, Tabby ana mkono.

Nikauliza mimi nina nini. Njoki akasema ninywe chai kabla haijapoa. Nilikunywa. Ilikuwa chai tamu sana, na hilo liliniumiza kuliko yote.

Tabby amekuja jioni kufunga Mwanzo Mpya. Hakunifokea. Ningependelea anifokee. Alisema hoteli imepata riziki, ila si mlango huu, na Muturi ananingoja Rongai Jumatatu. Yeye atabaki hapa. Nikamuuliza ni kwa muda gani. Akasema tutaona. Tukakaa kidogo kwenye benchi, giza likiingia, malori yakiwasha taa upande ule. Nilimwambia pole kwa yale maharagwe. Akasema si maharagwe, Baba Wachuka. Sijui alimaanisha nini.

Lynn amenipigia. Ameona laivu, na marafiki zake wote wameiona. Akasema anko, ile video ya kwanza, ile ya lisaa limoja, ndiyo ilimleta mteja mpaka mlangoni. Masaa mengine yote yalimfukuza. Nikamuuliza video ya jana ilitazamwa na wangapi. Akasema elfu kumi na moja. Nikamuuliza wanasema nini. Akasema wote wanauliza ile hoteli ya mlango wa buluu iko wapi.

Nimekaa nikawaza. Kitu kimoja sasa naamini kabisa. Mtandao unafanya kazi! Abdirashid alikuja kwa sababu ya video. Njoki amepata umaarufu kwa sababu ya video. Kwa hivyo kosa halikuwa mtandao. Kosa lilikuwa nini? Nimehesabu, nikagundua kwamba wiki nzima nilikuwa nalala usiku. Masaa saba kila usiku, hakuna kinachorekodiwa! Nilijua kuna pengo mahali.

Jumatatu, 10 Novemba. Rongai

Nimefika jana jioni. Muturi alinipokea kwa kicheko cha puani. Karibu Profesa! Akanionyesha kitanda, akanionyesha mizani, akaniambia wakulima wameanza kuvuna na wiki hii ndiyo ya kutengeneza jina. Kuna stoo nyingine ya mahindi mkabala na yetu, ya mtu anaitwa Kemboi, na asiyenunua mahindi sasa hatakuwa na cha kuuza Machi. Akasema kazi yangu ni kukaa langoni na kuwapokea watu. Nikasema mapokezi ndiyo taaluma yangu.

Tabby hajapiga. Nimempigia mara mbili. Mara ya pili Njoki akapokea, akasema Mama Wachuka ana unga mikononi, malori ni mengi. Nyuma yake nilimsikia Tabby akicheka na mtu. Sijamsikia akicheka hivyo siku nyingi. Niliishikilia simu hata baada ya Njoki kukata.

Lakini hakuna kukata tamaa. Nitamwonyesha. Nitamjazia Muturi hii stoo kupitia mtandaoni, Tabby aone kwa macho yake, arudi kwangu.

Asubuhi hii nimeisimamisha simu juu ya gunia. Na kumbe huku pia kuna mlima! Menengai ile pale, buluu buluu, imelala vizuri nyuma ya lango. Mwanga wa ajabu. Shida ni matrekta. Yamejipanga langoni tangu alfajiri, na mikokoteni ya punda, na pikapu, magunia mpaka juu, huoni hata kipande cha anga. Nimezungumza nao mmoja mmoja, kwa upole, nimejifunza upole. Nimewaomba wasogee wakapaki kwa Kemboi kwa muda. Ni watu waelewa sana. Wamesogea wote.

Sasa langoni ni peupe. Mlima wote unaonekana. Nimerekodi kidogo tu na tayari kuna laiki nne, moja ya Peru.

Muturi anatoka ofisini mbio, mikono juu, anapiga kelele ambazo sizisikii vizuri kwa upepo. Bila shaka ameiona video.